Maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu harufu: mvua, shombo, kikwapa, gesi, udi na mengine

Nafundisha kemia sekondari, na tangu siku niliyosema darasani kwamba kikwapa na udi vyote ni kemia tupu sijapumzika. Naulizwa ofisini, naulizwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, juzi nimeulizwa hadi msibani tukiwa tunasubiri chakula. Sa nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu akiniuliza tena namtumia hii na mi naendelea na shughuli zangu. Hayajapangwa, yako kama yalivyokuja.

Mbona Kiswahili tunasema "kusikia" harufu? Kwani pua ina masikio?

Hili aliuliza mwanangu wa darasa la tano na ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Kiswahili kinatumia kusikia kwa mambo mengi yasiyoonekana, unasikia baridi, unasikia njaa, unasikia usingizi, na harufu imo humo humo. Ila usidhani lugha yetu ni maskini kwenye mambo ya pua. We angalia tu kunuka na kunukia, herufi moja imeongezwa na mtu katoka kwenye tusi kaingia kwenye sifa, mwambie mkeo "unanuka" leo halafu kesho mwambie "unanukia" uone kama utapewa chakula kile kile. Afu tuna shombo ya samaki, kutuzi la jasho, uvundo wa kitu kilichooza, yaani maneno ambayo kazi yake ni harufu tu. Lugha nyingi za Ulaya hapo zinababaika, zinaishia kusema "inanuka kama kitu fulani". Kuna mwanaisimu anaitwa Asifa Majid, yeye na wenzake walienda kwa Wajahai, watu wa msituni kule Malaysia wanaoishi kwa kuwinda na kuokota, wakakuta wana maneno ya harufu kama sisi tulivyo na maneno ya rangi, na ukiwapa kitu wanuse wanataja harufu yake fasta bila kujiumauma.

Haya, harufu yenyewe ni nini? Ni hewa tu?

Ni chembe za kitu chenyewe, molekuli, zimeruka hewani zikakuingia. Ukisikia harufu ya chungwa ujue kuna chungwa kidogo limeshafika puani. Zinapanda mpaka juu kabisa ya pua, karibu usawa wa macho, huko kuna kipande cha ngozi laini yenye ute, ukubwa wake kama stempu hivi, na ndani yake kuna seli za neva zenye vipokezi. Jeni za vipokezi hivyo waligundua Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliandika mwaka 1991 na wakapewa Nobel 2004. Binadamu tuna aina kama 400 zinazofanya kazi.

Hapo lazima mtu aulize aina 400 zinatambuaje maelfu na maelfu ya harufu. Hamna kipokezi cha chungwa wala kipokezi cha kitunguu, molekuli moja inagusa vipokezi kadhaa kwa mpigo na kila harufu ina mpangilio wake. Wazee wa bao watanielewa, mashimo 32 na kete 64 basi, lakini ni lini umeona michezo miwili ikaenda sawasawa mwanzo mpaka mwisho?

Kwa hiyo nikisikia harufu ya choo, kuna...

Ndiyo. Pole. Ila tulia, ni gesi zilizotoka humo, za salfa na nyingine inaitwa skatoli, mzigo wenyewe umebaki ulipo.

Si tunaambiwa binadamu ana pua mbovu kuliko wanyama wote?

Hayo maneno yana karne na zaidi. Daktari wa Ufaransa wa karne ya 19, Paul Broca, aliona sehemu ya ubongo inayopokea harufu kwa binadamu ni ndogo ukilinganisha na ubongo wote, na kuanzia hapo watu wakabeba wazo kwamba sisi pua zetu ni za mapambo. Mwaka 2017 mtafiti John McGann alilipitia hilo suala upya na kuonyesha tumedanganyana kwa muda mrefu. Mbwa anatuzidi kwa mengi, sibishi, lakini kuna harufu tunazipata kwa kiwango kidogo mpaka unashangaa. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley waliwahi kuvuta mstari wa harufu ya chokoleti kwenye nyasi, wakawafunga watu macho na masikio, wakawapigisha magoti na kuwaambia haya fuateni, na wengi wakaufuata kama mbwa wa polisi, na kila walivyofanya mazoezi wakawa wanaongeza spidi. Tatizo letu sisi tunatembea pua ikiwa mita moja na nusu juu ya ardhi, harufu zote ziko chini kwa mbwa.

Ile harufu ya mvua ya kwanza inatoka wapi? Maji si hayana harufu?

Hili ndo swali namba moja, hasa miezi ya vumbi ikikaribia kuisha. Maji kweli hayana harufu, kinachonukia ni ardhi. Kuna bakteria wa udongoni wanaoitwa Streptomyces wanatengeneza kitu kinaitwa geosmini, na ardhi ikikaa kavu kwa muda mrefu mafuta ya mimea nayo yanajikusanya kwenye mawe na udongo, sasa tone likidondoka linafanya nini, linanasa hewa iliyo kwenye vitundu vya udongo, hewa inapanda kama mapovu ya soda na kupasuka juu ya tone na kurusha vitone vidogo sana hewani vikiwa vimebeba hiyo harufu. Watu wa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, waliipiga picha kwa kamera za kasi mwaka 2015 na wakaona mvua ndogo na ya wastani inarusha zaidi kuliko mvua kubwa. Ndo maana yale manyunyu ya mwanzo yananukia balaa, ikishaanza kumwagika yenyewe harufu inakata. Na ndo maana mtu anasema "mvua inakuja" kabla haijafika kwake, upepo umemletea harufu ya mtaa uliolowana tayari.

Jina la kitaalamu la harufu hiyo ni petrikori, walilitunga wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964. Wahindi wa mji wa Kannauj wao hawakusubiri jina, wanachoma vyungu vya udongo, wanavikeneka na kupata marashi ya mvua ndani ya chupa.

Afu kuhusu ile pua mbovu. Mtu mwenye pua nzuri anaweza kugundua geosmini kwenye maji ikiwa kama nanogramu 5 kwa lita. Nilipiga hesabu ubaoni na wanafunzi wangu, ni sawa na uchukue gramu 1 uigawe kwenye maboza elfu 20 ya maji, kila boza lita elfu 10. Na mtu akinywa anakwambia haya maji yananuka udongo.

Je hiyo geosmini ndo inafanya kambare anuke tope?

Ndo yenyewe! Na sato au perege wa bwawani pia. Samaki anaivuta kupitia mashavu yake pamoja na maji, inakaa kwenye mafuta ya mwilini. Marehemu bibi yangu kambare alikuwa haanzi kumpika mpaka amsugue chumvi na ndimu, ndimu nyingi mpaka nyama inaanza kuwa nyeupe kwa juu, halafu anamwacha kwenye sinia amefunikwa kawa, na ukimuuliza anasema "namtoa tope." Sisi tukadhani ni imani zake. Kumbe geosmini ikikutana na asidi inabadilika na kuwa kitu kisicho na harufu. Bibi hakuwahi kuingia maabara hata siku moja.

Na shombo ya samaki wa baharini?

Hiyo ni nyingine ila dawa ni ile ile. Samaki wa chumvi mwilini ana kitu kinachomsaidia kuishi kwenye chumvi, akishakufa bakteria wanakigeuza kuwa trimethilamini na hiyo ndo shombo. Kadiri anavyokaa ndivyo inavyozidi, kwa hiyo samaki wa asubuhi hii akishatoka majini hana shombo ya kukukimbiza, anayekwambia "samaki lazima anuke" anataka kukuuzia wa juzi. Ukitia ndimu au siki asidi inaifunga ile trimethilamini ikawa chumvi isiyoruka hewani. Mkononi vivyo hivyo, kamua ndimu kwanza kabla ya sabuni, maana sabuni peke yake haina asidi. Papa ni kesi yake, yule ana urea nyingi mwilini inayogeuka amonia, ndo maana papa mkavu anajulikana kabla hujafika gengeni.

Mbona nyumba za watu zina harufu ila kwangu hamna?

Kwako ipo bwana. Hakuna nyumba isiyo na harufu, we umeizoea. Seli za pua zikipigwa na harufu ile ile kwa dakika kadhaa zinapunguza sauti, na ubongo nao unaipuuza, kwa sababu kazi kubwa ya pua ni kukwambia nini kimebadilika, hicho kilichokuwepo tangu jana haina haja nacho. Ukisafiri wiki mbili ukarudi, ile sekunde ya kufungua mlango ndo utaisikia nyumba yako kama wageni wanavyoisikia, na baada ya kushusha begi imeshapotea.

Hili ndo linawaponza wapaka manukato. Unajipulizia asubuhi, saa nne husikii kitu, unaongeza, saa nane unaongeza tena, mwenzako kwenye daladala anatoa kichwa dirishani. Muulize mtu mwingine, usiulize pua yako. Na zile kahawa wanazokunusisha dukani eti zinasafisha pua kati ya pafyumu moja na nyingine, wamezijaribu na hazikusaidia kuliko hewa ya kawaida. Nusa tu ndani ya kiwiko chako au toka nje kidogo.

Gesi ya kupikia inanuka hivyo kwa nini, hawawezi kuitengeneza isiyonuka?

Gesi yenyewe haina harufu kabisa, ule uvundo wa kitunguu kilichooza unawekwa makusudi. Inaitwa ethili merkaptani na pua inaigundua hata ikiwa chini ya sehemu moja kwenye bilioni. Mwaka 1937 shule moja kule New London, Texas, ililipuka kwa gesi asilia iliyovuja bila mtu kusikia chochote, wakafa wanafunzi na walimu karibu 300, baada ya hapo ndo sheria za kuitia harufu zikaanza.

Sasa unganisha na swali lililopita, maana hapa nilitaka kufa. Kuna jioni nilikuwa jikoni napika maharage, mpira wa gesi ulikuwa umelegea kidogo tu unapitisha polepole, na mimi nimekaa mle mle nasahihisha madaftari, harufu imepanda taratibu na pua yangu imepanda nayo, sikusikia kitu. Mdogo wangu kaingia kutoka nje akasimama mlangoni, "Kaka, gesi hii!" Nikamwambia acha mambo yako, nipo hapa saa zima. Akanivuta shati mpaka nje. Nilikaa kwenye hewa kama dakika tatu, nikarudi mlangoni, ilinipiga usoni kama kofi.

Kwa hiyo mtu aliyetoka nje akisema gesi, usibishane naye. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe taa na usizime taa, swichi inatoa cheche ukiwasha hata ukizima, na kumbuka gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni. Ukitaka kupiga simu kaipigie nje.

Nikishika bomba la daladala mkono unanuka chuma. Chuma kina harufu?

Chuma hakina harufu, hakiruki hewani. Unachosikia ni mkono wako mwenyewe. Mafuta ya ngozi na jasho yakikutana na chuma yanavunjika na kutoa molekuli zenye harufu, moja inaitwa okteni-oni na inafanana kidogo na uyoga. Wajerumani ndo walilionyesha hili mwaka 2006. Damu nayo ikipakwa kwenye ngozi inatoa harufu hiyo hiyo kwa sababu ina madini ya chuma. Kwa hiyo ile sarafu "inayonuka" inanuka watu.

Kikwapa. Naoga kila siku lakini bado. Nifanyeje?

Swali hili naletewa kwa siri, inbox, mara nyingi linaanza na "kuna rafiki yangu". Jasho lenyewe likitoka halina harufu karibu yoyote. Mwili una tezi za aina mbili, za kupooza mwili ziko kila mahali na zinatoa maji ya chumvi, halafu kuna nyingine za kwapani na sehemu za siri zinaamka wakati wa balehe na kutoa ute wenye mafuta na protini. Ndo maana mtoto wa miaka sita anacheza jua zima hanuki kikwapa. Bakteria wa kwapani wanaula ule ute, mmoja anaitwa Staphylococcus hominis ni fundi kweli kweli, wanachobakiza ni asidi na misombo ya salfa yenye harufu ya kitunguu. Kwa hiyo unayepambana naye ni bakteria. Sugua kwa sabuni, usipitishe maji tu, kausha kabisa, nyoa kama unapenda. Shabu ya wazee inafanya kazi, inakaza ngozi na bakteria hawaipendi. Na angalia nguo, shati la pamba na jezi ya polista ukizivaa siku moja jezi itanuka zaidi, kitambaa kile kinashika mafuta na kufuga bakteria wake, ukiivaa tena kavu hivyo hivyo joto la mwili linaamsha kila kitu. Ulichozaliwa nacho pia kinahusika. Kuna jeni inaitwa ABCC11, watu wengi sana wa Korea, China na Japani wana toleo lake ambalo kwapa halitoi ule ute, na nta yao ya sikio ni kavu. Sisi wengi tuna toleo lingine, ndo hivyo.

Ikibadilika ghafla bila sababu nenda hospitali, usimalizie hela kwenye deodoranti.

Na beberu je, yule anaoga lini?

Haogi, na majike hawalalamiki. Wajapani mwaka 2014 walikuta kichwa cha beberu kinatoa molekuli inayoamsha sehemu ya ubongo wa jike inayoendesha mambo ya uzazi, na molekuli hiyo ikigusana na hewa inageuka asidi ambayo ndo ule uvundo wa beberu tunaoujua. Kwake yeye ananukia.

Basi binadamu nasi tuna harufu ya kumvutia mwanamke? Naona zinauzwa mtandaoni.

Harufu za namna hiyo, zinaitwa feromoni, zimethibitishwa kwa wanyama kibao, kwa binadamu mpaka sasa hakuna hata moja iliyothibitishwa. Hela yako nunua sabuni.

Eti asmini ina kitu kilichomo kwenye mavi? Niliposikia nilikasirika.

Kasirika ila ni kweli. Asmini ina indoli, na indoli ipo pia kwenye kinyesi. Ikiwa nyingi inakera, ikiwa kidogo tena imechanganyika na vitu vingine vya ua inatoa ule utamu mzito wa usiku, ule unaokufikia kutoka kwenye kikuba cha bi harusi kabla hujamwona mwenyewe. Watengeneza manukato wakiiondoa yote asmini inabaki kama sabuni ya kufulia.

Tena manukato mengi ya watu wazito yana asili za ajabu. Udi ni mti unaoumwa, yule mti wa Asia unaoitwa Aquilaria ukiwa mzima mbao yake haina maajabu, ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu unajitetea kwa kujaza utomvu mweusi, na ule ugonjwa ndo tunauweka kwenye chetezo. Ambari inatoka tumboni mwa nyangumi. Zabadi inatoka kwenye tezi zilizo karibu na mkia wa fungo. Langilangi angalau ni ua la kawaida, Wakomoro ndo wakubwa wa biashara hiyo duniani, na mafuta yake yamo kwenye Chanel No. 5. Kuhusu udi na ubani mi nafukiza kwangu, ila moshi ni moshi, fungua dirisha, na kama kuna mwenye pumu ndani acha.

Nikiwa na mafua chakula hakina ladha. Mafua yanaenda kwenye ulimi?

Hayaendi. Ulimi unajua tamu, chumvi, chachu, chungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama, basi. Vingine vyote unavyoita ladha, kwamba hii embe dodo na hii embe bolibo, vinatoka mdomoni vinapitia nyuma ya koo kupanda puani. Jaribu sasa hivi, bana pua, weka iliki mdomoni utafune. Utapata uchungu kidogo na kitu kama cha kuwasha. Achia pua. Iliki inafika yote kwa mpigo, darasani kwangu huwa wanapiga kelele. Pilipili haihusiki hapo, ile wala haina ladha, ni neva ya maumivu inapigwa, na kitunguu kinachokuliza ni neva hiyo hiyo.

Kwa nini mke wangu anasema giligilani ina harufu ya sabuni?

Anaweza kuwa anasema kweli. Majani yale yana aldehidi zinazofanana na za kwenye sabuni, na watu wenye toleo fulani la jeni ya kipokezi wanazisikia kwa nguvu zaidi. Usimlazimishe, pika mbili.

Tundu moja la pua linaziba, baadaye lingine. Ni ugonjwa?

Kama si mafua basi ni kawaida, yanapokezana zamu kila baada ya saa kadhaa. Mjerumani Richard Kayser alieleza hilo mwaka 1895.

Wale panya wa Morogoro ni kweli au ni stori?

Ni kweli kabisa, nimewapeleka wanafunzi. Ni panya buku, wako SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, chini ya shirika la APOPO lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997. Wanafundishwa kunusa kilipuzi cha TNT kilichomo kwenye mabomu ya ardhini, malipo yao ndizi na karanga. Panya haoni vizuri lakini pua anayo, na ni mwepesi hivyo hata akilikanyaga bomu halilipuki. Anakagua eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa, mtu na mashine ya kugundua chuma anaweza kumaliza siku nne kwa sababu inamlilia kila msumari na kila kifuniko cha soda. Mmoja alizaliwa Tanzania akaitwa Magawa, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Alifariki Januari 2022 akiwa mstaafu.

Wengine wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Sampuli 100 kwa dakika 20, na wamepata wagonjwa ambao hadubini ya kliniki iliwapita.

Kwa hiyo ugonjwa una harufu?

Mwingine unayo. Mgonjwa wa kisukari akizidiwa pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana au kiondoa rangi ya kucha, ukiisikia hiyo kwa mtu aliyelegea mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Halafu kuna mama wa Uskoti, Joy Milne, aligundua mumewe kabadilika harufu miaka kama 12 kabla hajaambiwa ana Parkinson, ule ugonjwa wa neva wa kutetemeka. Watafiti wakampa fulana 12 zilizovaliwa, 6 za wagonjwa na 6 za wazima, akataja wagonjwa wote na akaongeza mmoja wa wale "wazima". Wakasema hapo kakosea. Miezi kama 8 baadaye yule mtu akapiga simu, ameambiwa ana Parkinson.

Mbu ananipenda mimi tu humu ndani. Damu yangu tamu?

Pumzi inamwita, na ngozi yako inamalizia. Mdachi Bart Knols alionyesha kwamba mbu wa malaria anapenda sana miguu, na akavutiwa vilevile na jibini ya Limburger, ambayo bakteria wake ni ndugu wa wale wa katikati ya vidole vya miguu. Walimpa Ig Nobel, tuzo ya tafiti za kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye, mwaka 2006 na watu wakacheka. Kwetu Ifakara, Fredros Okumu na wenzake walitengeneza mchanganyiko wa harufu ya bandia, mwaka 2010 wakaripoti kwamba kibanda chenye mchanganyiko huo kilivuta mbu mara 3 mpaka 5 kuliko kibanda chenye mtu, ila vikiwekwa pamoja kibanda kimoja mchanganyiko haukumzidi mtu. Kwa hiyo osha miguu kwa sabuni, na chandarua kiko pale pale.

Nilipata Corona, harufu haijarudi vizuri mpaka leo. Kuna dawa?

Mama yangu mzazi ilimpata, alikuwa analia akipika pilau asiyoisikia. Virusi vile mara nyingi haviui neva zenyewe za harufu, vinashambulia seli zinazozihudumia, na neva za pua zina bahati ambayo nyingi hazina, zinaota upya maisha yote. Kinachosaidia ni mazoezi. Profesa Thomas Hummel wa Dresden mwaka 2009 aliwapa watu harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, wanuse asubuhi na jioni kwa wiki 12, na waliofanya mazoezi wakapata nafuu kuliko wasiofanya. Mama tulimwekea marashi ya waridi, majani ya mkaratusi yaliyopondwa, ganda la limau na karafuu, kila kimoja kwenye kikopo chake. Unanusa polepole kama sekunde 20, huku unakumbuka ilivyokuwa, unapumzika, unaenda kinachofuata. Mwezi wa kwanza hakupata kitu. Wa pili akasema karafuu inanuka kwa daktari wa meno, na alikuwa sahihi, mafuta ya karafuu yana eugenoli na ndo ile wanayochanganya kwenye dawa ya kuzibia jino. Usishangae pia ikirudi vibaya kwanza, kahawa ikanuka kama mpira unaoungua, hiyo hutokea neva zikijiunga upya. Ila kama harufu imepotea bila mafua wala Corona, au upande mmoja tu, muone daktari.

Karafuu zilizokaa kabatini tangu mwaka juzi zinafaa kwa hayo mazoezi?

Bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha. Ikitoa mafuta inafaa. Ikisagika vumbi nunua nyingine.